Gesi ya kegi inaisha kabla ya bia, na povu la sabuni halionyeshi kitu

Binti_wa_Ngora (Ntinda, Kampala)

Habari zenu wapishi wenzangu. Naomba mnisomee mpaka mwisho, maana nimeshajaza mtungi mara tatu na pesa zimeniuma.

Nina kegi mbili (mapipa ya chuma ya kuwekea bia) za lita 19, zile za zamani za soda zenye mfuniko wa umbo la yai. Nilizinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga mgahawa wake. Mtungi wa gesi (kaboni dioksidi, ile ya soda) ni wa kilo 2. Regyuleta, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, ina geji mbili, mpira unatoka hapo unaingia ndani ya friji kupitia tundu alilonitobolea fundi, halafu unagawanyika kwa kiungio cha T kwenda kegi zote mbili. Friji ni ile ndefu ya kusimama, nimeitoa rafu zote. Mtungi unasimama nje, ubavuni mwa friji.

Ninachopika ni bia ya ulezi na mtama, na mara nyingine ya nanasi na tangawizi. Mama yangu alikuwa mpishi wa ajono, pombe ya ulezi ya Wateso, kule Ngora. Nilikulia kwenye harufu ya unga wa ulezi uliochachuka ukigeuzwa juu ya bati la moto mpaka uwe rangi ya udongo, kisha unaanikwa juani. Ladha ile ndiyo ninayoitaka, ila ichujwe, iwe baridi, iwe na gesi, mtu ainywe kwenye glasi bila mrija. Imenichukua mwaka mzima kufika karibu nayo. Sasa nimefika, na gesi ndiyo inayonishinda.

Kila mtungi unadumu mwezi mmoja hivi, na ndani ya mwezi huo sijamaliza hata kegi mbili. Geji ya upande wa mtungi inakaa palepale, karibu 900 psi (kipimo cha msukumo), wiki tatu nzima. Halafu ndani ya siku chache inalala sifuri. Mara zote mbili zilizopita ilitokea baada ya kuwa na wageni, nikaamini kuna mtu amegusa bomba akaliacha wazi. Mara hii sikuwa na mgeni yeyote na imekuwa vilevile.

Nilichofanya: Jumamosi mchana nilitoa kegi uani penye mwanga, nikachanganya sabuni ya maji ya vyombo na maji kidogo, nikapaka kwa brashi ya rangi kila nati, kila klipu na mfuniko mzunguko mzima. Nikakaa kwenye kigoda nikaangalia. Hakuna hata kiputo kimoja. Nimezungusha tredi tepu (utepe wa kuziba nyuzi za nati) tabaka nne kwenye nati ya regyuleta inayoingia mtungini. Oringi zote, zile pete za mpira za kuziba, nimezipaka mafuta ya mgando ziwe laini. Mpwa wangu alitaka kupitisha kiberiti kama alivyoona watu wakifanya kwenye gesi ya kupikia, nikamkatalia.

Wiki tatu zijazo tuna utambulisho wa mdogo wangu (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na nimeahidi kegi mbili. Na kuna jambo lingine ambalo usiku linaninyima usingizi kuliko hilo: friji hii iko kwenye chumba wanacholala wanangu wawili, hatuna nafasi nyingine. Je, gesi hii inayopotea inaweza kuwadhuru?

---

FundiBaridi (Arua)

Dada, pole. Mimi natengeneza friji na mashine za soda, na hizo kegi zako ndizo nilizoanzia kazi. Nianze na watoto.

Hiyo gesi haina harufu, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, usawa wa godoro. Mvujo wako wa polepole peke yake si wa kukutia hofu kubwa: mtu mzima aliyekaa tu hutoa kama mililita 200 za gesi hiyohiyo kila dakika kwa kupumua, na wako, nitakuonyesha hesabu, ni sehemu ndogo ya hapo. Hatari ni mpira kuchomoka usiku. Kilo 2 ikitoka yote ni zaidi ya lita 1,000 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya kawaida kina lita kama 24,000. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya asilimia 4, na Marekani kiwango cha asilimia 4 ndicho kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo kwa mfanyakazi. Mtoto aliyelala hataamka kukimbia. Kwa hiyo leo leo, kabla ya kusoma mengine, toa mtungi chumbani. Uweke barazani au jikoni penye dirisha, mpira upite ukutani, na kila usiku funga valvu ya mtungi. Bia haitaharibika kwa usiku mmoja.

Sasa geji. Ndani ya mtungi gesi ni maji, yaani iko katika hali ya kimiminika. Maadamu kuna tone la kimiminika humo, geji itasoma kilekile, kwa sababu inafuata joto tu, haifuati kiasi. Chumba cha nyuzi 24 utaona kama 900. Ungeuweka mtungi huohuo ndani ya friji ungeona kama 560 bila hata gramu moja kupotea. Kimiminika kikiisha ndipo geji inaporomoka, na hapo umebakiwa na mabaki. Kwa hiyo wageni wako hawana kosa. Gesi ilikuwa inatoka tangu siku ya kwanza, geji ikakunyamazia.

Kinachosema kweli ni mizani. Angalia shingo ya mtungi, uzito wake mtupu umegongwa hapo kwenye chuma. Tafuta mizani ya kuning'iniza yenye kusoma gramu 10, ile ya kupimia mizigo ya safari. Pima jioni, pima asubuhi.

Hesabu yako ni hii. Kegi ya lita 19 kuitia gesi na kuisukuma mpaka glasi ya mwisho inakula kama gramu 150 mpaka 200. Kegi mbili tuseme gramu 350. Wewe umepoteza kilo 2 kwa mwezi, kwa hiyo gramu 1,650 zimekwenda bure. Gramu hizo ni kama lita 900. Mwezi una dakika 43,200. Unapata mililita 21 kwa dakika, vijiko vinne vya chai, mchana na usiku. Mvujo huo si wa kutafuta kwa miwani, ungeuona kwenye povu mara moja!

Kama hukuuona, basi siku ile uani ulikuwa haupo. Ulitoa kegi, ikapata joto la mchana wa Kampala, mpira wa oringi ukalainika na kujaza nafasi yake. Ukairudisha kwenye baridi, mpira ukanywea na kukauka, gesi ikapata njia. Nimekutana na hili mara nyingi kwenye mashine za soda: mchana unaapa ni nzima, ukifunga mlango inaanza. Pima ikiwa baridi, palepale inapokaa.

Mafuta ya mgando yafute. Kuna oringi za kegi za aina ya mpira isiyopatana na mafuta ya petroli, hunywa yale mafuta, huvimba, hulegea, mwishowe hupasuka. Tumia grisi ya silikoni ya vyakula, kidogo tu, ing'ae.

Na tepu iondoe. Ile nati ya mtungini haizuii gesi kwa nyuzi zake. Inayozuia ni washa, pete bapa ya kuziba, iliyo katikati. Tepu inaizuia nati isikae sawa, inakupa mvujo mpya. Weka washa mpya, kaza kwa spana mpaka igome, basi.

Halafu usipime vyote pamoja. Anza na mtungi na regyuleta tu. Kisha ongeza mpira na vile vichwa vya kuchomeka, bila kegi, maana vikiwa havijachomekwa hujifunga vyenyewe. Mwisho kegi, moja moja. Kila hatua ipe usiku mzima.

---

MzeeKwete (Mbale)

Binti, nakuongezea mawili, fundi amesema mengi na amesema vizuri.

Kegi yenye bia ndani usiipime kwa geji. Bia inameza gesi, geji itashuka hata kama kegi ni nzima kabisa, nawe utakesha ukitafuta tundu ambalo halipo. Pima kegi tupu na kavu. Ipoze kwanza usiku mmoja, kisha itie gesi mpaka 30, funga mtungi, ndipo uanze kuhesabu. Ukiitia gesi ikiwa ya moto halafu ukaipoza, itashuka psi tatu hivi kwa baridi tu.

La pili ni mfuniko. Hizi za zamani kwenye 10 au 12 psi mfuniko haujakaa sawasawa. Upe 30 kwanza, huku ukiuvuta mfuniko juu kwa nguvu, usikie ule mlio wa kukamata. Ukishakamata, shusha mpaka kiwango chako. Na jaribu kuugeuza mfuniko, upande wa kushoto uwe kulia. Kuna kegi yangu moja inakubali upande mmoja tu tangu nimeinunua.

Na kwa kuwa uko Kampala, juu kule zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jedwali za gesi unazozisoma mtandaoni zimeandikwa kwa watu wa pwani. Ongeza kama psi 2. Hilo halihusu mvujo, lakini bia yako ya ulezi itakushukuru.

---

Mpishi_Jinja

Dada achana na mtungi kabisa. Weka sukari gramu 100 kwenye kegi, funga, iache nje ya friji wiki mbili. Hamira itatengeneza gesi yenyewe. Mimi nafanya hivyo na sina gharama.

---

Binti_wa_Ngora

Asanteni sana, na Mungu awabariki. Fundi, mtungi umeshatoka chumbani jana ileile, uko barazani ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu. Wanangu wamelala na mimi nimelala.

Kaka wa Jinja, nakubali sukari inafanya kazi, lakini kama kegi inavuja, gesi ya hamira nayo itatoka kwa njia hiyohiyo. Tena hamira inaanza taratibu, haina nguvu ya kuukamatisha mfuniko siku za kwanza. Nikishaziba nitajaribu njia yako kwa bia ya nanasi.

Nimejaza mtungi upya na kununua mizani. Shingoni pamegongwa 6.1, na ulipotoka kujazwa ulisoma kilo 8.10, kwa hiyo kilo zangu 2 zilikuwa kamili. Nikaunga kila kitu kama kilivyokuwa, makusudi, nikauacha wazi saa 24. Ukasoma 8.04. Gramu 60. Fundi, hesabu yako ilitaka kama 55 kwa siku. Nilisimama barazani na mizani mkononi, mwezi mzima wa mashaka umegeuka namba moja ninayoweza kuishika.

Usiku wa kwanza: mtungi na regyuleta, washa mpya, bila tepu. Hakuna kilichopungua. Usiku wa pili: nimeongeza mpira na vichwa. Hakuna. Usiku wa tatu: kegi iliyokuwa ya nanasi, tupu, imepozwa kama alivyosema mzee, 30 psi, mtungi umefungwa. Asubuhi ilikuwa 12.

Nimebadilisha oringi kubwa ya mfuniko na kugeuza upande. Usiku wa nne: kutoka 30 mpaka 14. Imesaidia kidogo lakini bado. Sasa nitazame wapi? Povu kwenye chuchu ya gesi, ile inayochomekwa kichwa cha mpira, halionyeshi kitu juu.

---

FundiBaridi

Juu hapatakuonyesha. Pale juu kuna oringi ya nje, ndiyo kila mtu anaiona na kuibadilisha. Lakini ukifungua ile chuchu kwa spana, chini yake kuna kijibomba kifupi kinachoning'inia ndani ya kegi, na shingoni mwa kijibomba kuna oringi nyingine ndogo. Hiyo watu wengi huisahau miaka. Ikichoka, gesi hupita kwenye nyuzi na kutokea chini ya nati, pale chuchu inapokutana na chuma cha kegi. Paka povu hapo chini, si kichwani, kegi ikiwa ndani ya friji. Povu liwe zito, sabuni nyingi maji machache, lisitiririke.

Kabla ya kushika spana, achia gesi yote kwa kuvuta kipete cha valvu ya mfunikoni mpaka pakae kimya kabisa. Chuchu iliyofunguliwa na gesi ndani huruka kama jiwe la manati, nimemwona mwenzangu akipoteza jino.

---

Binti_wa_Ngora

Nimeupata.

Jana saa nne usiku, watoto wamelala, nilifungua friji nikapiga magoti mbele yake na tochi ya simu mdomoni. Kegi ilikuwa nyuzi 4, chuma chake kina umande. Nilifuta umande kwa kitambaa, kwa sababu mara ya kwanza povu liliteleza, kisha nikaweka tone zito la sabuni kwa ncha ya kijiti cha meno kuzunguka chini ya nati. Nikahesabu moja, mbili. Upande wa nyuma, unaotazama ukuta wa friji, povu likaanza kuvimba kama shavu la mtoto, likafika ukubwa wa punje ya mahindi, likapasuka, likaanza tena. Sikuwahi kuuona upande huo kegi ikiwa baridi. Uani niliigeuza kegi, lakini pale ilikuwa na joto.

Niliachia gesi, nikasubiri, nikafungua kwa spana. Oringi ya kijibomba ilikuwa nyeusi, upande mmoja imevimba na ule mwingine imekuwa bapa kama uzi uliokanyagwa. Nilipoibana kati ya vidole ikafunguka ufa mdogo wenye umbo la ukucha. Na ilikuwa inateleza kwa mafuta ya mgando. Niliyapaka kwa mkono wangu nikidhani naitunza. Nimefungua na ile kegi ya pili baada ya kuhamisha bia, nako oringi imeanza kuvimba, ila haijapasuka.

Za kubadilisha nilizipata soko la Kisekka kwa muuza vipuri vya magari, nikiwa nimebeba ile mbovu kwenye karatasi ili tulinganishe unene. Nilinunua kumi. Nimeziosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya duka ikatoka, nikapaka grisi ya silikoni kidogo sana, mpaka zing'ae tu. Nikizipata za vyakula kwa kipimo hicho nitabadilisha tena.

Usiku wa tano, kegi ya nanasi, baridi, 30 psi. Asubuhi 30. Nimeiacha siku nzima, jioni 30. Ya ulezi nayo hivyohivyo.

Sasa nimeunga mfumo wote, bia ya ulezi iko ndani tangu Jumatatu, iko kwenye 14 psi kwa ushauri wa mzee wa Mbale. Mtungi nilioupima baada ya bia kushiba gesi ulisoma 7.58. Usiku naufunga. Asubuhi naufungua, naupima kabla sijachemsha chai. Siku ya kwanza 7.58. Siku ya pili 7.58. Leo, siku ya nne, 7.58.

Nimejimiminia nusu glasi nionje. Povu lina rangi ya udongo wa kwetu na limekaa mpaka glasi ikaisha. Kesho nampelekea mama chupa moja kwa basi, anipe jibu lake kabla ya utambulisho.

---

MzeeKwete

Tuambie mama amesema nini. Na usisahau kuifunga chupa hiyo kwa gazeti bichi lililoloweshwa, njia ya kutoka Kampala ina jua.